Glasi Moja ya Inday

Nueva Valencia, Guimaras
14 Januari 2019

Sista Maria Eulalia,

Dakta Palmares amesema leo asubuhi kwamba Nanay, mama yetu, hawezi tena kunywa maji matupu. Kiharusi cha tarehe 6 kimelegeza koo lake upande wa kulia. Maji, chai na mchuzi mwembamba vinateleza kuelekea mapafuni. Akipaliwa mara mbili tatu, atapata homa ya mapafu. Kuhusu homa ya mapafu kwa mtu wa miaka sabini na tisa, daktari alianza sentensi asiimalize. Nilimwomba aimalize. Akasema, "Manong Dulo, si wewe ndiye mwandishi? Malizia mwenyewe."

Mkono wa kulia haufanyi kazi. Akili inafanya kazi. Ulimi unafanya kazi kuliko kawaida.

Kila anachomeza sasa lazima kiwe kizito. Nesi alituachia kopo la unga wa kufanya maji yawe mazito. Nanay alionja akasema, "Hii ni gundi ya kubandikia mabango ya uchaguzi." Mke wangu Belen akapika uji wa mchele. Nanay akasema uji ni wa vifaranga, na yeye bado hajaota manyoya. Kwa siku tatu amekula vijiko kumi na kimoja.

Jana Belen alimuuliza, "Nay, basi unataka nini?"

"Ile ya embe na biskuti."

Belen hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatoka nje kufunga banda la mbuzi ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Nakuomba uniandikie jinsi ulivyokuwa ukiitengeneza, hatua kwa hatua.

Teodulo


Monasteri, Bukidnon
29 Januari 2019

Manong Dulo mpendwa,

Amani kwako, kwa Manang Belen, kwa mbuzi wako na banda lake lililofungwa mara mbili. Huku mlimani baridi imeingia mpaka kwenye mifupa ya mahindi. Sisi sote kumi na mbili tu wazima, isipokuwa Sista Blandina anayekohoa wakati wa sala tu. Wakati wa chakula hakohoi.

Sasa nikugombeze. Tangu lini mtu akaanza barua na koo la mama yake, bila hata hujambo? Nilifungua bahasha yako nikiwa nimesimama ukumbini na ndoo ya maji mkononi. Mstari wa kwanza tu, ndoo ikaanguka. Nimefuta sakafu nikilia, na masista wakadhani nalilia sakafu. Manong, wasomaji wako wa Iloilo walizoea kupigwa kofi kabla ya kifungua kinywa. Mimi ni dada yako. Bisha hodi. Uliza hali yangu, nipe habari za watu na za mifugo, nikae chini kwanza. Halafu ndiyo useme. Na jina langu la nyumbani ni lilelile.

Haya, sheki ya embe na biskuti.

Usitumie barafu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Barafu ikiyeyuka inaacha maji juu, na maji ndiyo adui wa Nanay sasa. Menya embe zilizoiva mpaka zikanukia, kata minofu, igandishe usiku kucha. Embe iliyoganda ndiyo barafu yako. Kwa glasi moja: minofu ya embe mbili, vijiko vinne vya maziwa mazito matamu ya kopo, nusu kikombe cha maziwa ya kopo yasiyo na sukari, na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Usiache chumvi. Bila chumvi embe inakuwa tamu kama mtu anayekudanganya.

Biskuti ni zile za kahawia za ngano, tunazopanga kwenye keki ya Krismasi. Sita. Zamani nilisaga tatu ndani na tatu nikazivunja kwa chupa nikanyunyiza juu. Sasa usinyunyize, chembe zitampalia. Loweka zote sita kwenye maziwa mpaka zikate tamaa, ndipo usage pamoja na embe. Acha glasi itulie dakika kumi. Biskuti huendelea kunywa maziwa, na sheki inazidi kuwa nzito. Inua kijiko. Ikimiminika kama uzi, bado. Ikidondoka kama tone la nta, mpe.

Umkalishe wima. Usimpe mrija.

Kwa moyo, namshika mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kama tunavyoamkia wazee. Usimwambie hilo.

Inday


Nueva Valencia
11 Februari 2019

Inday,

Hujambo? Masista hawajambo? Sista Blandina na kikohozi chake? Hapa hatujambo. Mbuzi wamefika saba. Belen anakusalimu na anasema nimekaa na mstari huu wa kwanza dakika ishirini.

Taarifa ya jikoni ni kama ifuatavyo.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 7. Niliweka biskuti kavu ndani ya blenda kabla ya maziwa. Zikakaa chini kama saruji, mota ikanuka, Belen akanitoa jikoni mbele ya jirani. La pili, tarehe 8, embe hazikuwa zimeiva. Huu si msimu, tulipata chache za mti uliopigwa dawa ya kuwahisha maua. Nanay alionja akakunja uso.

"Dulo, hii umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo, Nay."

"Waandishi kazi yenu ni kuuliza maswali. Rudi ukaulize."

La tatu lilifanyika tarehe 10, kwa minofu ya msimu uliopita ambayo Belen aliikuta chini kabisa ya friza ya dada yake. Chumvi iliwekwa. Dakika kumi zilitimia kwa saa yangu. Nilikaa mbele yake na kijiko. Alimeza cha kwanza akafumba macho. Hakupaliwa. Alimeza vijiko ishirini na sita, yaani glasi yote. Kisha akauliza, "Nani kakufundisha?"

"Nimesoma gazetini."

"Mwongo. Gazeti lenu halijawahi kuandika kitu cha maana."

Nikaenda kuosha glasi.

Miti imechanua vizuri. Wiki ijayo wanaume wanaanza kufunga embe changa kwa karatasi ili nzi wasizitoboe. Nimewapa magazeti yangu ya zamani, rundo zima, miaka thelathini na moja ya kazi. Nanay ameagiza kiti chake kisogezwe dirishani aone. Amesema hatimaye habari zangu zitazuia kitu.

Manong Dulo


Monasteri
24 Februari 2019

Manong,

Amani. Umebisha hodi kama polisi, lakini umebisha, nakupongeza. Sista Blandina ameacha kukohoa na sasa anapiga chafya. Kuku wametaga mayai yenye maganda laini, tunawapa chokaa. Nimepewa zamu ya bustani na mikono yangu imekuwa kama ya baba, Tatay, alipokuwa hai.

Nimesoma kuhusu vijiko ishirini na sita mara nyingi kuliko ninavyopaswa kusoma kitu kisicho sala.

Kumbuka Jumatano ya Majivu ni tarehe 6 Machi. Kuanzia siku hiyo mpaka Pasaka hatuandiki wala hatupokei barua. Zinazofika hukaa kwenye droo ya Mama Mkuu. Ya dharura tu ndiyo hupita, na yeye ndiye anayeamua. Kwa hiyo usinione nimenyamaza ukadhani nimenuna. Ni Kwaresima tu.

Nina ombi na nina swali.

Ombi: usiniambie kama Nanay ananiulizia au haniulizii. Miaka kumi na minne sijaona mwandiko wake, wala hajakanyaga chumba chetu cha wageni. Alisema alizaa binti mmoja, kitinda mimba, ili amfumbe macho siku ya kufa, na binti huyo akachagua kwenda kujifungia na wanawake wa watu. Hilo nililisikia vizuri, halihitaji kurudiwa.

Swali: ile asubuhi ya kuondoka niliweka glasi mezani mbele yake. Akaigeuzia mgongo. Traisikeli iliyokuja kunichukua ikapiga honi, nikatoka. Wewe ulirudi ndani kuchukua mwavuli wangu, ukatoka mikono mitupu na uso mweupe. Je, glasi ilimwagwa? Ninauliza tu. Nilitumia embe za mwisho za mwaka ule.

Inday


Nueva Valencia
9 Machi 2019

Inday mpendwa,

Hujambo? Ninatumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba chokaa imewasaidia kuku. Sisi hapa hatujambo. Belen anakusalimu sana. Mtoto wa dada yake, Jovelyn, ataolewa mwezi wa Juni na fundi wa boti kutoka Buenavista. Kijana mpole, ila anacheka kabla mtu hajamaliza kusema.

Embe zote za upande wa barabara zimeshafungwa kwa magazeti. Mti ulio karibu na kisima umevaa taarifa zangu za kimbunga cha mwaka 2008. Upepo ukivuma, karatasi zinapiga kelele kama watu ukumbini. Nanay anasema anasikia jina langu.

Mbuzi mweusi amezaa mapacha, jike na dume. Dume ana doa jeupe kwenye jicho kama mzee aliyevaa miwani mibovu. Anamfuata Belen mpaka kanisani. Jumapili padri alisimama katikati ya mahubiri akasema, "Huyu naye amebatizwa?"

Tumezibua kisima. Paa la jikoni bado linavuja pale pale.

Sasa nikae na wewe, Inday. Dakta Palmares alikuja juzi. Kumekuwa na kiharusi cha pili, kidogo, usiku wa tarehe 4. Sheki bado inapita lakini nusu glasi tu, na siku nyingine robo. Alisema wiki, hakusema miezi. Nilimuuliza wiki ngapi. Alisema tatu, labda nne.

Uliniomba nisikuambie jambo fulani. Ninavunja ombi hilo. Jana, baada ya kijiko cha tano, Nanay alisukuma mkono wangu akasema, "Wewe unaiga vizuri. Lakini mwambie Inday aje aitengeneze mwenyewe." Nilimuuliza arudie, ili niwe na hakika. Akarudia: "Mwambie aje. Nataka anikute."

Nimesikia kwamba ruhusa ya siku chache hutolewa kwa mzazi anayekufa. Sijui sheria ya nyumba yenu. Unaijua wewe.

Sitapiga simu mlangoni kwenu. Sitaki uamue huku umeshikilia simu na sista mwingine amesimama kando yako. Amua peke yako. Ukija, nitakuwa gatini Iloilo siku yoyote utakayotaja. Usipojibu mpaka tarehe 30 Machi, nitajua jibu lako, na sitakulaumu. Kuhusu swali la glasi, nitakujibu ukifika.

Manong Dulo


Monasteri
5 Aprili 2019

Manong Dulo na Manang Belen,

Bwana awatie nguvu. Sista wa mlangoni alinipa ujumbe wako wa simu jana asubuhi: Nanay amefariki, mazishi ni Jumamosi. Mama Mkuu ameniruhusu ukurasa mmoja kwa sababu ya msiba, ingawa ni Kwaresima. Jumuiya nzima inamwombea. Kesho saa ya mazishi tutapiga kengele yetu.

Sijui niandike nini kwenye ukurasa mmoja. Naona mikono yake ikimenya embe, ngozi ikitoka kipande kimoja bila kukatika.

Nitakuambia kitu ambacho huenda si cha kitawa. Nilipotoka kwenye kikanisa chetu nilimshukuru Mungu kwamba angalau hakuniita. Kama angeniita, sijui ningefanya nini. Imekuwa rahisi zaidi hivi. Yeye amekwenda na hasira yake, mimi nimebaki na kosa langu, na kila mmoja ana chake.

Asante kwa kila kijiko.

Inday


Nueva Valencia
13 Aprili 2019

Sista,

Ukurasa wako wa tarehe 5 umefika. Umeandika kwamba Nanay hakukuita, na kwamba imekuwa rahisi zaidi hivi.

Huwa ninaweka nakala za barua zangu zote. Nakala ya tarehe 9 Machi iko mbele yangu.

Sina la kuongeza.

Teodulo Gallinero


Monasteri
22 Aprili 2019, Jumatatu ya Pasaka

Manong,

Sijui kama utafungua bahasha hii. Fungua.

Jana baada ya Misa, Mama Mkuu alifungua droo akatugawia barua za siku arobaini. Mimi nilipata mbili. Nikaanza na ya juu, ya tarehe 13, nikaona umeniita Sista na ukaweka jina lako na la ukoo kama kwenye hati ya mahakama. Nikasema, nimemfanyia nini? Kisha nikafungua ya chini.

Manong, niliisoma barua ya tarehe 9 Machi jana. Tarehe 21 Aprili. Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Ufufuko, Nanay akiwa kaburini siku kumi na tano.

Nilikwenda kwa Mama Mkuu nayo. Ana miaka themanini na mbili, macho yake hayaoni vizuri, na si mwanamke mbaya. Nilimuuliza, "Mama, hii hukuiona?" Akaishika akasema, "Niliiona, mwanangu. Niliisoma juu." Ndiyo desturi yake, na nilikuwa naijua, ila sikuwahi kuifikiria: wakati wa Kwaresima hufungua kila barua, husoma mistari ya kwanza kuona kama kuna ugonjwa au kifo, na asipoona hufunga, asije akaingilia mambo ya watu. Ni heshima. Akaweka kidole pale alipoishia. Pameandikwa: "Mbuzi mweusi amezaa mapacha." Alisema alicheka kidogo, akafunga, akaiweka kwenye droo. Akasema, "Ile yako ya kwanza, ya koo la mama, ningekupa hata Ijumaa Kuu."

Ulipopiga simu tarehe 3 hakuna aliyewaza droo. Barua ilikuwa ya mwezi uliopita, msiba ulikuwa wa jana.

Ni mimi niliyekwambia ubishe hodi. Ni mimi niliyekuomba mifugo.

Nilimuuliza kama angeniruhusu. Akasema, "Siku tano, na sista wa mlangoni akusindikize. Nani angemnyima mtoto?" Kisha akaanza kulia, na ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Utataka kujua kama ningekuja. Nimeandika jibu mara mbili nikalifuta, maana sasa ni rahisi kusema. Tarehe 5 niliandika kwamba sijui ningefanya nini, na nilikuwa nasema kweli. Niliogopa kitu kimoja tu miaka yote hii, kwamba nikiingia jikoni kwa Nanay sitatoka tena. Lakini ningekuja, Manong. Ningekuja na hofu yangu. Andika hivyo kwenye nakala zako.

Nimeomba ruhusa kukuandikia tena na nimepewa. Niambie jinsi alivyokufa. Niambie kama alijua nimenyamaza. Niambie ile glasi. Usibishe hodi. Nimeshakaa chini.

Inday


Nueva Valencia
6 Mei 2019

Inday,

Nanay alifariki Jumatano tarehe 3 Aprili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa mujibu wa Dakta Palmares, aliyefika dakika kumi na tano baadaye. Mimi na Belen tulikuwepo. Hakupaliwa. Pumzi ilipungua kuanzia saa sita, ikakoma. Belen alimfumba macho. Alimfumba akasema kwa sauti, "Nay, huu ni mkono wa Inday, nimeuazima." Ninaandika kama ilivyosemwa.

Barua yako ilinifikia tarehe 3 Mei. Niliisoma nimesimama posta. Nina kosa la kusahihisha, na sahihisho linatakiwa kuwekwa mahali palepale kosa lilipotokea, kwa hiyo ninaliweka kwenye barua. Kwa miaka thelathini na moja nilimuuliza kila mtu: nani anaisoma hati hii, na anaisoma mpaka wapi? Wewe uliponiambia habari za droo, sikuuliza. Nilijua kuweka jambo zito juu. Ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Nililiweka chini ya mbuzi kwa sababu niliogopa utakavyolipokea, na nikajiambia ninafuata maagizo yako. Kosa si lako. Barua ya tarehe 13 Aprili ninaifuta. Nakala yake nimeichoma.

Sikupiga simu tarehe 30. Ningeweza. Niliona ni kiburi chako kisichojibu, na kiburi changu kikakataa kuuliza.

Ulitaka kujua kama alijua umenyamaza. Hakujua.

Kuanzia tarehe 20 Machi aliagiza kiti kigeuzwe kutoka dirisha la miti kwenda dirisha la njia. Aliulizia saa za boti za kutoka Iloilo. Belen alimtania, "Nay, unangoja mchumba?" Akasema, "Nangoja mpishi." Jumapili tarehe 31 aliniuliza moja kwa moja.

"Kajibu?"

Tarehe niliyokuwekea ilikuwa imepita jana yake. Nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Nikasema, "Yuko njiani, Nay."

Sijawahi kuandika wala kusema gazetini jambo nisilo na chanzo chake. Hili nililisema bila chanzo.

Akasema, "Basi msizimalize embe."

Jumanne tarehe 2 embe za kwanza zilifunguliwa, zile za kisimani. Alitaka zimenywe mbele yake. Belen alimenya. Nanay akamwambia ngozi isikatike, ikakatika, akamwita mshonaji wa magunia. Minofu ilikuwa bado haijaganda sawasawa lakini hakutaka kungoja mpaka kesho. Tulitengeneza glasi mbili. Ya kwanza alikula vijiko vinne. Ya pili aliagiza biskuti tatu zivunjwe kwa chupa zinyunyizwe juu, kwa sababu mlaji wake ana koo zima. Akaamuru ifunikwe iwekwe friza.

"Hiyo ya Inday. Atafika na joto. Asiiguse mtu."

Hakuna aliyeigusa. Wakati wa matanga nyumba ilikuwa na watu siku tisa, wote wakitafuta barafu, na Belen alikaa na kigoda mbele ya friza.

Sasa, glasi ya tarehe 3 Juni 2005. Haikumwagwa. Niliporudi ndani kuchukua mwavuli wako nilimkuta Nanay amesimama jikoni, ameegemea sinki, anainywa. Hakuwa analia. Aliinywa yote. Biskuti zilizoshika chini alizikwangua kwa kijiko, kwa muda mrefu, kijiko kikigonga kioo. Traisikeli ilipiga honi mara ya pili. Akaosha glasi, akaifuta kwa gauni lake, akairudisha kabatini. Alipogeuka akaniona. Alisema, "Ukimwambia, wewe si mwanangu."

Nilisahau mwavuli. Hukuuliza. Nilishika neno lake miaka kumi na minne, na hata uliponiuliza Februari nililishika. Aliyenikataza hayupo, na mimi ni mwanawe bado.

Arobaini yake ni Jumapili tarehe 12 Mei. Misa saa kumi na mbili asubuhi, chakula hapa nyumbani. Nitasafiri kwa meli ya Alhamisi tarehe 16 kwenda Cagayan de Oro. Mpishi wa meli amekubali kuweka kasha langu kwenye friza yake. Safari hii nilipiga simu mlangoni kwenu, na nikauliza kila kitu. Sista wa mlangoni amesema ndugu anaruhusiwa saa moja, wavu ukiwa katikati, na kwamba si wakati wa kufunga. Nilimuuliza kama glasi inapita kwenye kabati la kuzunguka la ukutani, mnakopokelea vitu vya wageni. Alikwenda kupima, akarudi, akasema inapita ikiwa wima, bila mrija.

Utaiacha itulie dakika kumi kabla ya kuonja. Mwavuli pia ninauleta.

Jumamosi, tarehe 18 Mei, saa tisa alasiri.

Manong Dulo